Munganga Yersin na Mikrobe ya Tauni

Wasomaji wetu, mtakumbuka ya kuwa muhula uliopita tulikuta panya waliokufa ndani ya depo ya mahindi, nyuma ya jiko. Walikuwa wanne siku moja, na hakuna paka aliyewagusa. Wawili kati yetu waliwashika mkia ili wawatupe kwenye migomba. Mwalimu wetu wa biolojia alipoona hivyo alikasirika sana, akatufukuza sote, akafunga mlango, akatia ufunguo mfukoni. Wengine walimcheka pembeni, mtu mzima kuogopa panya. Kumbe hakuogopa panya, aliogopa viroboto. Jioni alitueleza, na katika maelezo yake jina moja lilirudi mara nyingi: Alexandre Yersin. Sisi wa kalasi ya tano biolojia-kemia tukatafuta habari zake vitabuni na kwa walimu, na hizi ndizo tulizozipata.

Tauni, ambayo wengi huku wanaiita pesti, si ya Biblia tu, wala si ya Ulaya ya zamani tu. Katika Ituri, upande wa Mahagi, Aru na Rethy, watu waliugua tena mwaka 2020 na 2021. Mwisho wa 2004, kule Zobia katika Bas-Uele, ilishika wachimba almasi. Iliingia katika mapafu, na watu zaidi ya 50 walikufa kabla haijazimwa mwaka 2005. Lakini msifikiri ya kuwa ni habari ya majirani paka. Wakati wa Wabeleji waganga walijua viota viwili vya tauni mashariki mwa Kongo: kimoja cha ziwa Albert, kingine cha ziwa Edouard, upande wa Lubero, maana yake kwetu, kule ambako wengi wetu tunakwenda likizo kwa babu. Munganga René Devignat, aliyefanya kazi hapa Kongo, aliandika mwaka 1951 ya kuwa mikrobe hiyo iko ya aina tatu, na ile ya Afrika yetu aliipa jina la Kilatini lenye maana ya kale. Na mwaka 1898 Robert Koch, yule Mjerumani wa kifua kikuu, alikwisha kuthibitisha ya kuwa ugonjwa uliokuwa ukiua watu wa Kiziba, karibu na Bukoba, ulikuwa tauni yenyewe. Basi tauni ni mwenyeji wa maziwa yetu makubwa tangu zamani.

Sasa tuje kwa mtu wetu. Alexandre Yersin alizaliwa tarehe 22 Septemba 1863 huko Aubonne, katika mkoa wa Vaud, inchi ya Uswisi, katika jamaa ya Kiprotestanti. Hakumwona baba yake hata siku moja, maana alikufa ghafula majuma machache mbele ya mtoto kuzaliwa. Baba huyo alikuwa mpenzi wa wadudu, na kijana alikuja kukuta mikroskopi yake imehifadhiwa nyumbani. Mama yake aliendesha shule ya wasichana katika mji wa Morges ili alee watoto wake. Wale kati yetu waliolelewa na mama peke yake watajua ni kazi gani.

Alisoma uganga Lausanne, halafu Marburg katika Ujerumani, halafu Paris. Huko Paris alijikata mkono alipokuwa akipasua maiti ya mtu aliyeumwa na mbwa wa kichaa. Akakimbilia kwa Louis Pasteur, ambako msaidizi wake Émile Roux alimchoma dawa mpya, naye akapona. Urafiki na Roux ulianza hapo. Mwaka 1888 wawili hao walifanya kazi moja kubwa sana juu ya difteria, ugonjwa unaowasonga watoto koo. Walijiuliza hivi: mikrobe yake inakaa kooni tu, haiingii katika damu; mbona moyo unasimama? Walichukua mchuzi ambamo mikrobe ilikuwa imeota, wakauchuja katika kichujio cha kauri hata isibaki mikrobe hata moja, wakawachoma wanyama yale maji matupu. Wanyama wakafa. Basi mikrobe inaweza kupigana kwa kemia, ikituma sumu yake mbali wakati yenyewe haijatoka mahali pake. Shikeni jambo hili, tutalirudia.

Mtu mwingine angekaa Paris kula matunda ya sifa hiyo. Yersin alichoka upesi. Mwaka 1890 aliacha maabara, akaenda kuwa munganga wa meli katika bahari ya Indochina, halafu akatembea kwa miguu, kwa farasi na kwa tembo katika milima ambayo Wafaransa hawakuwa wameichora katika ramani. Tunakiri hatukuelewa vizuri alikuwa akitafuta nini. Mwalimu alisema kuna watu ambao kiti kinawachoma.

Mwaka 1894 tauni ilifika Hong Kong, mji wa Waingereza katika pwani ya China. Ilikuwa ikiua watu wengi kila siku, na mwaka ule ulipokwisha ilikuwa imeua zaidi ya 2.500. Yersin alitumwa, akafika tarehe 15 Juni. Siku tatu mbele yake alikuwa amefika Mjapani Kitasato Shibasaburo, mwanafunzi wa Koch, mtu mwenye jina kubwa, pamoja na wasaidizi na vyombo vizuri. Wakubwa wa Kiingereza walimpa Kitasato chumba hospitalini na maiti za kupasua. Yersin hawakumpa kitu. Akajenga kibanda cha nyasi karibu na hospitali, akatia mikroskopi yake ndani. Padri mmoja Mwitalia akamsaidia kuwapa mabaharia wenye kazi ya kuzika pesa kidogo, ili wamruhusu kuingia mahali walipoweka masanduku ya wafu. Si jambo la kuiga shuleni, lakini ndivyo lilivyokuwa.

Katika wafu wale aliona mitoki, yaani ule uvimbe wa kinenani au wa kwapani ambao ndio alama ya tauni. Akakata mtoki, akaweka uji wake chini ya mikroskopi. Ulijaa mikrobe fupi, mviringo ncha zake mbili, na zote za namna moja. Tarehe 20 Juni 1894 alikuwa na hakika. Akawachoma kobaye, wale wanaofugwa jikoni kwa watu wetu wengi, nao wakafa na mitoki hiyo hiyo. Akapasua na panya waliokufa mjini, akakuta mikrobe ile ile.

Kitasato naye alitangaza ya kuwa ameiona, tena siku chache mbele. Lakini maelezo yake yalichanganyika, kana kwamba anaeleza mikrobe mbili. Wataalamu wengi wanafikiri sababu ni hii. Kitasato alikuwa na kabati ya kuotesha mikrobe, yenye moto wa digri 37 kama mwili wa mtu, na katika moto huo mikrobe nyingine, ile ya mapafu, inaota vizuri na kuwashinda wenzake. Yersin hakuwa na kabati. Mikrobe zake ziliota katika joto la kibanda tu, na mikrobe ya tauni inaota vizuri zaidi karibu na digri 28. Umaskini wake ulimsaidia! Tulicheka sana tuliposoma hayo, maana maabara yetu pia haina kabati.

Lakini tusiwacheke watu wa Hong Kong wa siku zile. Askari waliingia nyumba kwa nyumba, wakatoa wagonjwa, wakachoma vitu. Uvumi ukaenea ya kuwa waganga wa kizungu wanawang'oa watoto macho ili watengeneze dawa. Watu wakaficha wagonjwa wao, maelfu wakakimbilia Canton. Sisi wa Beni na Butembo tuliona mambo kama hayo kwetu, katika Ebola ya 2018 hadi 2020. Tulisikia uvumi wa kila namna, wengine wetu tuliuamini na kuupeleka mbele. Mwaka 2019 vituo vya matibabu vilichomwa, na mwezi wa Aprili munganga mmoja aliyetoka Kameruni kutusaidia aliuawa kwa risasi hapa Butembo. Jambo hilo hatuliandiki kwa urahisi.

Turudi kwa mikrobe. Yersin alijua sura yake. Jambo ambalo hakulijua, na ambalo limefahamika kidogo kidogo zaidi ya miaka mia baadaye, ni namna inavyoshinda mwili wa mtu mzima mwenye nguvu katika siku chache. Mwili wetu hauko bila silaha. Mna chembe nyeupe za damu zinazomeza mikrobe, na zikiisha kuimeza zinaimwagia dawa kali. Mojawapo ni maji ya oksijeni, yale yale ya chupa ya famasi yanayotoa povu juu ya kidonda. Nyingine ni ile asidi ya klori ambayo ndiyo nguvu ya Javel. Wakati wa Ebola kila mlango wa Butembo ulikuwa na ndoo ya maji ya klori. Basi kila chembe nyeupe inatembea na ndoo yake ndogo. Tena ziko protini fupi fupi zinazotoboa ngozi ya mikrobe kama misumari. Tena katika maji ya damu ziko protini nyingine, zinaitwa komplementi, ambazo zinashikamana juu ya mikrobe na kuipasua. Na mwisho mwili unaficha chuma. Kila mikrobe inahitaji chuma ili izae, nao mwili unakifungia ndani ya protini zake, sawa mama anayefungia sukari kabatini.

Mikrobe ya tauni ina jibu kwa kila silaha hiyo, na kengele inayoiamsha ni joto. Ndani ya kiroboto kuna baridi kidogo, karibu digri 26, na humo inavaa nguo moja. Kiroboto kikimwuma mtu, inaingia katika digri 37, na hapo inaanza kubadili nguo. Zile chembe nyeupe zinazofika kwanza zinaua mikrobe nyingi. Lakini nyingine zinamezwa na chembe kubwa, makrofaji, na humo hazifi. Jeni zake mbili zinazofanya kazi pamoja zinasikia ya kuwa zimefungiwa katika mahali pa hatari, zikaamuru ngozi igeuzwe. Wenzetu wa kemia wataelewa upesi: ile misumari ya protini ina chaji chanya, na ngozi ya mikrobe ina chaji hasi, ndiyo maana misumari inavutwa. Mikrobe inabandika juu ya ngozi yake sukari yenye chaji chanya. Basi misumari haishiki vizuri tena.

Kuhusu komplementi, ina protini za ngozi yake zinazoizuia isishikamane na kupasua. Inapotoka ndani ya makrofaji, imekwisha kujifunika koti la protini lenye utelezi, na chembe nyeupe haziwezi kuimeza tena. Chembe ikikaribia, mikrobe inatoa sindano ndogo kabisa, inaichoma na kuitia protini zinazolegeza viungo vyake vyote. Mmezaji analala na kinywa wazi. Chuma nacho inakiiba: inatuma nje molekuli ndogo inayokinyang'anya kutoka kwa protini za mwili na kukirudisha nyumbani. Molekuli hiyo inaitwa yersiniabaktini, na mnaona wenyewe jina limetoka wapi.

Ubaya mkubwa kupita wote ni ukimya. Mwili unatambua mikrobe za namna hii kwa mafuta ya ngozi yao, ambayo yana mikia sita. Ukiigusa mikia sita, unapiga kengele, homa inapanda, askari wote wanakimbia pale. Ndani ya kiroboto mikrobe ya tauni ina mikia hiyo sita. Katika digri 37 inatengeneza mafuta yenye mikia minne tu, na kengele haisikii vizuri. Mwaka 2006 watafiti waliipa jeni ya mikrobe nyingine ya tumbo, ikalazimika kuvaa mikia sita hata katika joto la mwili. Wakawachoma panya. Panya hawakufa! Mwili wao uliamka mapema, na silaha zote zile za mikrobe hazikutosha. Tulimwuliza mwalimu mara mbili kama ni kweli, maana tulifikiri sindano na koti ndivyo vinavyoua. Akasema vinaua, lakini vinahitaji siku moja mbili za kutosikiwa.

Na habari ya chuma ilionekana kwa huzuni mwaka 2009 katika Chicago. Mtafiti mmoja alikuwa akifanya kazi na mikrobe ya tauni iliyodhoofishwa, isiyoweza kuiba chuma, watu wote wakiihesabu kuwa haina hatari. Akaugua nayo, akafa. Walipopima waligundua ya kuwa alikuwa na ugonjwa wa kurithi unaojaza mwili chuma, naye hakuwa na habari. Kabati ya sukari ilikuwa wazi.

Tukijua hayo tunaelewa furaha na uchungu wa Yersin katika miaka iliyofuata. Huko Paris, pamoja na Roux na wengine, alitengeneza dawa katika damu ya farasi waliochomwa mikrobe hiyo; kinga ambazo farasi amezitengeneza unampa mgonjwa. Mwaka 1896 aliichukua mpaka Canton, akamchoma kijana mmoja mwanafunzi wa misioni, naye akapona. Halafu katika mji wa Amoy akachoma wagonjwa 23, wakafa wawili tu. Ilikuwa shangwe. Mwaka uliofuata akaenda Bombay, katika tauni kubwa ya India, na huko wagonjwa wakafa mikononi mwake kwa wingi. Dawa ya farasi inafaa mapema, mikrobe zikiwa bado chache. Mgonjwa aliyeletwa siku ya nne amekwisha kujaa. Yersin aliondoka Bombay bila kelele. Aliyekuja mahali pake, Paul-Louis Simond, ndiye aliyeonyesha mwaka 1898 huko Karachi ya kuwa kiroboto ndicho kinachobeba mikrobe kutoka kwa panya. Panya akifa anapoa, na kiroboto hakipendi baridi; kinaruka kutafuta mwili wenye joto. Watu walimcheka Simond miaka mingi.

Yersin alirudi Nha Trang, kijiji cha wavuvi katika Vietnam ya leo, ambako alikuwa ameanzisha maabara mwaka 1895. Alikaa huko karibu miaka hamsini. Hakuoa. Alichukia kupokea pesa kwa mgonjwa, basi alitafuta chakula cha maabara yake katika shamba: alifuga ng'ombe na farasi, akapanda miti ya mpira, akauza mpira kwa Michelin. Mwaka 1902 alianzisha shule ya uganga ya Hanoi, halafu akaiacha mikononi mwa wengine, sawa desturi yake. Dhoruba ikikaribia aliwaonya wavuvi, nao walikimbilia nyumba yake iliyokuwa imara.

Na liko jambo moja litakalowafurahisha wenye wazazi wanaofanya biashara Butembo. Katika miaka ya vita ya kwanza ya dunia Yersin aliogopa ya kuwa kinini ya malaria haitafika tena kwa meli. Akapanda kinkina katika mlima wa Hon Ba, karibu na metre 1.500 juu ya bahari, maana mti huo unataka baridi ya mlima. Ilimchukua miaka kupata udongo unaofaa. Kinkina! Maganda yale yale tunayoyaona yameanikwa kando ya barabara, yaliyosomesha wengi wetu.

Alikufa Nha Trang tarehe 1 Machi 1943, wakati wa vita, mwenye miaka 79, akazikwa katika shamba lake la Suoi Dau. Mwaka ule ule, mwezi wa Oktoba, huko Marekani walitoa katika mikrobe ya udongo dawa ya streptomisini. Ndiyo iliyokuja kuwa dawa kubwa ya kwanza ya kuua mikrobe ya tauni ndani ya mtu. Miezi saba tu! Mwaka 1944 mtaalamu mmoja alipendekeza mikrobe iitwe Yersinia, na ndilo jina lake hata leo. Vietnam ilipojitawala ilifuta majina mengi ya Wafaransa katika mitaa yake, lakini mtaa wa Yersin ulibaki, Hanoi na Saigon pia.

Leo tauni ya mitoki bila dawa inaua kati ya watu 30 na 60 katika mia. Ile ya mapafu bila dawa inaua karibu wote. Kwa vidonge au sindano zinazoanza mapema wengi wanapona, na mganga mwenye busara hangoji jibu la maabara, anaanza siku ile ile anapoona homa na mtoki. Tangu kiroboto kuuma mpaka homa ni siku moja hadi saba.

Ndiyo maana mwalimu alihesabu. Depo ilifungwa. Kesho yake kulikuja mtu wa kituo cha afya, akanyunyiza kwanza dawa ya wadudu kila pembe, akangoja, ndipo akawashika panya kwa mipira ya mikono na kuwatia katika shimo lenye kina. Wale wenzetu wawili waliowashika mkia walipimwa homa asubuhi na jioni kwa siku saba, na kila jioni sisi sote tulikwenda kuuliza. Siku ya nane mmoja wao aliomba arudishiwe kazi ya kupika ugali. Wote wawili wako wazima, na wamesoma ukurasa huu mbele yetu kuuleta kwenu.